Pwani ya Matema na Vyungu vya Ikombe

Mtu atokaye Mbeya kwenda Ziwa Nyasa hupanda kwanza kabla ya kushuka. Gari hupita katika baridi ya milima, huuacha Mlima Rungwe upande wa kushoto, hufika Tukuyu penye migomba na mashamba ya chai, kisha huanza kuteremka, likizunguka kona baada ya kona. Tukuyu watu huvaa makoti. Kyela, ambako si mbali kwa gari, watu hutafuta kivuli. Sababu yake si ngumu kuijua. Tukuyu iko yapata mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na uso wa ziwa uko yapata mita 500 tu. Tena pepo zitokazo ziwani, zikiwa zimejaa unyevu, huigonga milima na kumwaga maji yake hapo hapo. Kwa hiyo nchi ya Kyela ni katika mahali penye mvua nyingi kuliko pengine pote Tanzania. Kwa mwaka mmoja huweza kunyesha zaidi ya milimita 2,000.

Mvua hiyo haipotei bure. Mito ya Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo huchukua udongo mweusi wa milimani na kuutandaza bondeni, na katika udongo huo hustawi mpunga ambao mchele wake watu wa Dar es Salaam huuulizia kwa jina. Hustawi pia kakao, migomba na michikichi. Huo Mto Songwe ndio mpaka wa Tanzania na Malawi upande huo, kama Waingereza na Wajerumani walivyopatana mwaka 1890, bila ya kuwauliza watu wakaao kandokando yake.

Mwezi wa Juni, mpunga ukiwa unavunwa, fundi cherehani mmoja wa mjini Mbeya alimchukua mpwa wake, kijana wa darasa la sita, akasafiri naye kwenda kuona ziwa. Yule kijana mama yake alizaliwa Kyela, lakini yeye mwenyewe alikuwa hajaona maji makubwa kuliko ya bwawa. Mjomba alikuwa amefanya kazi mwaka mzima bila kupumzika, akishona sare za shule na nguo za harusi, naye alikuwa na haja moja tu: kukaa siku nne mahali pasipo na kelele za mashine, wala za wateja, wala za magari. Alikuwa amesikia kwamba watu wa Ulaya huenda katika visiwa vya Ugiriki kutafuta vijiji vidogo vilivyo kando ya maji na pwani tulivu. Akasema, “Sisi tunayo ya kwetu, na nauli yake ni ya basi.”

Walipita Ipinda, wakafika Matema alasiri. Matema iko katika pembe ya kaskazini mashariki ya ziwa, mahali ambapo nchi tambarare ya Kyela inakwisha ghafula na Milima ya Livingstone inaanza. Mchanga wake ni mwororo, nao umenyoka mbali sana kuelekea magharibi, hata kwenye mlango wa Mto Lufilyo, ambako wenyeji humkataza mgeni kuoga kwa sababu ya mamba na viboko. Upande wa mashariki milima inasimama kama ukuta, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na vijito vinaporomoka juu yake kama nyuzi nyeupe.

Kijana alivua viatu, akasimama majini. Akachota kwa kiganja, akaonja. Akashangaa, maana alitazamia chumvi.

“Mjomba, maji haya yatarudi nyuma saa ngapi?” akauliza. Alikuwa amesoma habari za Tanga na Bagamoyo, ya kwamba bahari hujaa na kupwa.

“Hayarudi, mpwa wangu,” mjomba akajibu. “Ziwa halijui kupwa na kujaa kwa kila siku. Hupanda polepole wakati wa mvua za masika, na hushuka polepole wakati wa kiangazi, na hayo ndiyo yote.”

Mjomba alisema kweli. Lakini ingefaa aongeze kwamba ziwa hili, lililo la tatu kwa ukubwa katika Afrika, baada ya Viktoria na Tanganyika, lina urefu wa yapata kilometa 560, na kwamba upepo wa kusi uanzao huko mbali Malawi hauoni kizuizi chochote mpaka ufike pwani ya Matema. Watu wa kusini mwa ziwa huuita mwera. Katika miezi ya Mei, Juni, Julai na Agosti huweza kuvuma siku tatu, nne mfululizo, na mawimbi yake si ya kuchezea. Mjomba hakulijua jambo hilo; angelijua, pengine hadithi hii isingekuwa na la kusimulia.

Jina lenyewe la ziwa lina kichekesho. Katika lugha za watu wakaao kando yake, nyasa maana yake ni ziwa, au maji mengi. David Livingstone alipofika upande wa kusini mwaka 1859, alilichukua neno hilo akalifanya jina. Basi asemaye “Ziwa Nyasa” asema “Ziwa Ziwa.” Livingstone hakufika kamwe upande huu wa kaskazini, ijapokuwa milima ya huku ina jina lake. Mwaka 1875 meli ndogo ya moshi iitwayo Ilala ililizunguka, na hapo ndipo Wazungu walipotambua kwamba ni refu kuliko walivyodhani. Wenyeji walikuwa wakilijua siku zote.

Asubuhi ya kwanza mjomba aliamka akitarajia kimya. Badala yake alisikia sauti za watu wengi. Alipotoka nje aliona mitumbwi inarudi kutoka uvuvini, mmoja baada ya mmoja, na wanawake wamesimama majini hata magotini, wakiwa na beseni na vikapu. Kumbe usiku kucha, alipokuwa amelala, nuru alizoziona mbali akadhani ni nyota zilikuwa ni taa za wavuvi. Usipa, samaki wadogo wembamba kama kidole cha mtoto, hufuata mwanga. Wavuvi huwasha taa juu ya maji, huwangoja wakusanyike, kisha huwazungushia wavu. Kabla jua halijawa kali, usipa walikuwa wamekwisha tandazwa juu ya vichanja, wakimetameta kama fedha. Mpaka saa tatu kazi ikawa imekwisha, wavuvi wakaenda kulala, wanawake wakaenda mashambani, na pwani ikawa tupu. Hapo ndipo mgeni apitaye husema, “Mahali hapa pana kimya kama nini!”

Siku hiyo kijana aliona ajabu nyingine. Mbali ziwani uliinuka moshi mweusi, mnene, mrefu kuliko mnazi, nao ulikuwa ukitembea. Akapiga kelele kwamba meli inaungua. Watoto wa pale wakamcheka mpaka wakaketi chini. Haukuwa moshi, ulikuwa ni nkungu, inzi wadogo sana ambao huzaliwa majini na kutoka wote kwa pamoja, maelfu kwa maelfu, hata wakafunika jua. Upepo ukiwasukuma nchi kavu, watu huwakamata kwa vikapu na sufuria zilizolowanishwa, huwaponda, na kufanya maandazi meusi yenye mafuta. Kijana aliahidi kuonja siku nyingine.

Vijiji vya Wanyakyusa vilivyo nyuma ya pwani vilisifiwa na wageni tangu zamani. Mskoti Joseph Thomson alifika kaskazini mwa ziwa mwaka 1879, akastaajabia usafi wa nyua na migomba iliyopangwa. Desturi moja ya vijiji hivyo yafaa ijulikane na kila mwanafunzi. Hapo kale mvulana alipopata miaka kumi hivi, hakuendelea kulala katika nyumba ya baba yake. Yeye na rika lake walijenga vibanda vyao wenyewe mahali pamoja, na huko walikaa, wakaoa, wakazeeka majirani. Chakula tu waliendelea kula kwa mama zao mpaka walipooa. Godfrey na Monica Wilson walikaa katika nchi hiyo kati ya miaka 1934 na 1938, wakayaandika mambo hayo kwa urefu. Vijiji vya rika havipo tena kama vilivyokuwa, lakini heshima ya maamkio ipo. Kijana alifundishwa na bibi mmoja aliyekuwa akipepeta mpunga, ya kwamba mwenzake humwamkia asubuhi Ugonile, lakini mzee humwambia Mugonile, kwa wingi, akiinama kidogo. Na jibu ni Ndaga. Akalijaribu kwa kila mzee aliyemwona njiani, hata kwa wale aliokwisha kuwaamkia.

Siku ya pili ikapita hivyo, kwa kuoga na kula samaki. Mjomba alipendezwa sana. Lakini kijana alikuwa amesikia habari za Ikombe, kijiji cha Wakisi kilicho nyuma ya rasi, ambako wanawake hufinyanga vyungu, akamsumbua mjomba wake mpaka akakubali. Basi siku ya Ijumaa wakapata nafasi katika mashua ya mbao ya mzee mmoja aliyekwenda huko kuchukua vyungu, kwa kuwa kila Jumamosi kuna mnada wa vyungu Lyulilo, karibu na Matema, na wafanyi biashara huja na malori kuvinunua na kuvipeleka Mbeya na kwingineko.

“Mugonile, tata,” kijana akamwamkia nahodha.

“Ndaga, mwanangu,” mzee akajibu, akampa mahali pa kuketi karibu naye.

Maji yalikuwa yametulia kama mafuta ndani ya bakuli. Mashua ilipita chini ya mlima, karibu sana, hata matawi ya miti yakawagusa kichwani. Mahali hapo hapana ufuo. Mlima unaingia ziwani moja kwa moja. Ni kwa sababu ziwa limelala katika Bonde la Ufa, mahali ambapo ardhi ilipasuka na kudidimia zamani za kale, na mlima ule ndio ukingo wa ufa. Mahali palipo na kina kirefu kabisa ziwani ni zaidi ya mita 700. Lakini katika kina hicho hapana samaki hata mmoja: chini ya mita 250 hivi maji hayana hewa ya kupumua, kwa maana maji ya juu na ya chini hayachanganyiki. Uhai wote wa ziwa, yaani mamia ya namna za samaki, zaidi ya namna za ziwa lolote jingine duniani, unakaa katika tabaka la juu na kandokando ya miamba.

Kijana alichungulia chini. Aliona samaki wadogo wa buluu, wa manjano na wa mistari wakizunguka mawe. Nahodha akamwonyesha mmoja aliyekuwa akitembea polepole, mashavu yamevimba. “Huyu ni mama,” akasema. “Watoto wake wamo kinywani.” Naam, wengi katika samaki wa ziwa hili hulea mayai kinywani mpaka yaanguliwe, na hata baada ya kuanguliwa watoto hukimbilia humo wakiona hatari. Nahodha alisema pia kwamba wapo watu wavuao kwa vyandarua vya mbu kando ya maji, na chandarua hakichagui mama wala mtoto. Hakusema zaidi, alitema mate majini, akaendelea kupiga kafi.

Ikombe ni kijiji kilichobanwa. Mbele ni ziwa, nyuma ni mlima, na nyumba zimejengwa katika ule ukanda mdogo uliobaki. Mashamba ni machache, tena ya mteremko. Mtu aweza kujiuliza, watu hawa waliishije miaka yote hiyo? Jibu liko katika udongo wa mfinyanzi. Hapo kale Wakisi walipakia vyungu katika mitumbwi, wakavipeleka pwani zenye mashamba, wakabadilishana kwa nafaka. Sasa hubadilishana kwa fedha, na fedha kwa unga, lakini njia ni ile ile ya maji. Kule Ugiriki kiko kisiwa kiitwacho Sifnos ambacho wafinyanzi wake pia walijenga karakana zao katika ghuba ndogo, kando kabisa ya maji, kwa kuwa vyungu havipendi kubebwa mlimani. Hupenda kupakiwa melini. Tofauti ni kwamba wafinyanzi wa huko walikuwa wanaume wenye gurudumu la kuzungusha kwa mguu. Mwanamke wa Ikombe hana gurudumu.

Walimkuta mama mmoja amekaa kivulini, miguu ameinyoosha. Donge la udongo lilikuwa juu ya kigae mbele yake. Alilibonyeza katikati kwa ngumi, akaanza kuinua ukuta wake kwa vidole, huku mkono mmoja ukiwa ndani na mwingine nje, na ukuta ukapanda mwembamba, sawasawa pande zote, ungedhani umepimwa. Kwa kipande cha kibuyu akaulainisha. Vyungu vya juzi, vilivyokwisha shika, alikuwa akivisugua kwa kijiwe laini cha ziwani ambacho, kwa maneno yake, kilikuwa cha mama yake. Kisha hupakwa udongo mwekundu, na shingoni hupambwa kwa udongo mweupe. Huachwa kivulini vikauke, kwa kuwa jua kali huvipasua. Na mwisho huchomwa pamoja katika moto wa kuni na nyasi. Kila mara viko vinavyopasuka motoni, na hivyo mama havihesabu. “Hivyo ni fungu la moto,” alisema.

Mama huyo alikuwa na vyungu thelathini na viwili tayari kwa mnada wa kesho. Alikuwa na binti, mwanafunzi wa darasa la saba, ambaye alimsaidia kuvifunga kwa majani makavu ya migomba. Kabla ya kulala, mama alimwambia binti yake asimame juu ya mkeka, akachukua bua jembamba, akalipima na unyayo wake, akalikata sawasawa na kidole kikubwa. Kijana aliyaona hayo, asijue maana yake.

Jioni nahodha alikuja kwa mjomba, akaketi, akaongea habari za mpunga na za barabara ya lami ya Matema. Mwishoni akasema, “Bwana, kesho tungeondoka saa kumi ya alfajiri. Kusi halijavuma siku mbili tatu hizi, lakini jioni hii mawingu ya kule kusini siyapendi.”

“Vema, mzee,” akasema mjomba.

Lakini usiku ule ulikuwa mzuri mno. Maji yalilamba mchanga polepole, hapana mashine wala mteja, na mjomba alilala usingizi ambao hakuupata mwaka mzima. Saa kumi nahodha akaja, akapiga hodi. Mjomba akaitika, “Tunakuja,” akageuka upande wa pili. Saa kumi na moja hodi ikapigwa tena, akaitika tena. Kulipopambazuka akatoka, akaona ziwa limekuwa la rangi ya waridi, hapana hata kiwimbi. Akamwambia kijana, “Ngoja nioge mara ya mwisho, sijui kama nitarudi hapa.” Akaoga. Akanywa chai. Mama wa vyungu alikuwa amekwisha kuketi ndani ya mashua tangu gizani, mikono mapajani, vyungu vyake vimempanga pande zote. Hakusema neno. Nahodha alikaa mchangani, akichora mistari kwa kijiti. Methali humpa mgeni siku mbili kabla ya kumpa jembe, na huyu alikuwa amekaa Ikombe moja tu, nani angemharakisha?

Waliondoka saa kumi na mbili na nusu.

Upepo ukawakuta karibu na rasi. Kwanza ulikuja kama pumzi ya mtu, kisha maji ya kusini yakageuka meusi, kisha meupe. Wimbi la kwanza likaingia ndani ya mashua. Nahodha hakupiga kelele. Aliwaambia vijana wake wawili waelekeze omo kwenye wimbi, akampa mpwa kibuyu akumbe maji. Kijana akakumba mpaka mikono ikamwuma. Mjomba alishika ubao kwa mikono miwili, uso umembadilika. Mama alikuwa ameinama juu ya vyungu vyake, mikono ameifungua, kama kuku afunikavyo vifaranga. Chungu kimoja kikagonga ubavu wa mashua, kikasikika kulia, nacho kikawa vipande viwili.

Mjomba akasema, “Mzee, tupige kafi kwa nguvu tufike!”

“Tukipiga kwa nguvu, tutafika chini,” akajibu nahodha. Akaigeuza mashua, akaiingiza katika kighuba kidogo kati ya miamba, pasipo na nafasi ila ya mashua mbili. Hapo wakashuka, wakaishika kwa mikono isigonge mawe. Wakangoja. Jua likapanda, wakangoja. Mjomba alitazama saa yake mara nyingi. Mama hakuwa na saa. Alitazama kivuli cha jiwe. Kijana akakumbuka kwamba malori hufika Lyulilo asubuhi na mapema.

Na tuyaache mawimbi kidogo, maana palitokea jambo jingine ziwani humu linaloonyesha jinsi pwani tulivu isivyotoa habari zake. Wakati wa vita vya mwaka 1914, meli ya Wajerumani iitwayo Hermann von Wissmann ilikuwa imepandishwa nchi kavu itengenezwe huko Liuli, kusini mwa pwani hii ya mashariki, ambako siku zile kuliitwa Sphinxhafen. Tarehe 13 Agosti meli ya Waingereza, Guendolen, ikatokea na kuipiga mizinga. Kapteni wa Kijerumani alimfahamu vema yule wa Kiingereza, tena walikuwa marafiki. Akatoka kwa hasira kumwuliza maana ya mchezo ule, kwa kuwa hakuwa na habari kwamba vita vimeanza. Akatekwa. Liuli nayo ni pwani nzuri, yenye maji safi na miamba.

Ilipokuwa karibu saa tano, upepo ukapungua, si kwamba ulikoma, bali ulilegea kadiri ya kupitika. Wakafika Lyulilo saa sita imekwisha pita. Malori mawili yalikuwa yamekwisha ondoka, yamejaa. Lililobaki lilikuwa linafungwa kamba. Wanawake waliokuja kwa njia ya mguu tangu jana, vyungu vichwani, na wale waliofika kwa mitumbwi kabla ya mapambazuko, walikuwa wakinunua unga na kuongea kwa furaha.

Mfanyi biashara wa lori la mwisho akavitazama vyungu thelathini na kimoja. Alivigonga kimoja kimoja kwa kidole, vyote vikatoa sauti safi. Alijua kwamba mama hawezi kuvirudisha Ikombe katika ziwa lile. Akataja bei, nayo ilikuwa nusu ya bei ya asubuhi. Mama akanyamaza kidogo. Kisha akauza ishirini na tisa. Viwili akavibakiza, labda kwa sababu ya uchungu tu.

Alinunua unga, chumvi, sabuni na madaftari. Halafu akaenda kwenye meza ya mchuuzi wa viatu. Akafungua pindo la kitenge chake, akatoa lile bua, akalitia ndani ya kiatu cheusi cha shule. Likaenea sawasawa. Akauliza bei, akahesabu fedha iliyobaki, akalitoa bua, akalifunga tena katika pindo. Mchuuzi akakirudisha kiatu mahali pake.

Kijana alikuwa amesimama nyuma yake. Akaenda kwa mjomba wake, akamweleza alichokiona, na habari ya kupima jana usiku. Mjomba hakujibu. Akaenda kwa mama, akaingiza mkono mfukoni, akatoa noti.

Mama akarudi nyuma hatua moja. “Baba, mimi nafanya biashara ya vyungu,” akasema kwa upole. “Vipo viwili hapa.”

“Nitavichukua,” akasema mjomba, akampa fedha kwa bei ya asubuhi.

Mama akazihesabu, akatoa nusu, akamrudishia. “Bei ya saa hii ni hii,” akasema. Mjomba alishikilia; mama alishikilia kuliko yeye. Watu wakaanza kutazama. Mwishowe mjomba akapokea fedha yake, akasimama na noti mkononi kama mtu aliyeshikishwa kitu asichojua pa kukiweka.

Akaenda kwa nahodha, aliyekuwa akikausha mashua. “Mzee, kwa nini hukunivuta mguu nikaamka?”

“Nilipiga hodi mara mbili, bwana,” nahodha akasema. “Ukaitika.”

Upepo ulikuwa unazidi kulegea, na nahodha alitaka kuwafikisha abiria wake Ikombe kabla ya jioni. Mama akapanda, akaweka mfuko wa unga mahali palipokuwa na vyungu. Mjomba akauliza kwa sauti kubwa mnada mwingine utakuwa lini. Vijana wa kafi wakacheka, kwa kuwa kila mtu wa pwani hiyo anajua. Lakini nahodha alimjibu kwa adabu kwamba ni Jumamosi, kila Jumamosi, upepo ukiruhusu.

Mashua ilipokwisha kuizunguka rasi, mjomba alirudi kwenye meza ya viatu. Mchuuzi akamwuliza, “Namba gani?” Mjomba akamtazama mpwa wake, na kijana akanyoosha mikono miwili mbele yake, akiipima hewa, akaisogeza kidogo, akaipanua tena. Hakuwa na hakika.

Kesho yake wakapanda basi la Mbeya. Utingo alitaka kuviweka vyungu juu ya paa pamoja na mizigo mingine, lakini kijana alikataa, akavipakata vyote viwili, kimoja juu ya kila goti, tangu Matema mpaka nyumbani.